Kabla Kompyuta Haijaondoka, Toa Leseni

Ofisi nyingi ndogo hununua leseni ya programu moja mara mbili. Mara ya kwanza kwa hiari, siku kompyuta mpya inapoingia. Mara ya pili kwa kulazimika, baada ya mashine ile kuungua, kuibwa, kufomatiwa au kuuzwa huku leseni ikiwa bado ndani yake. Programu ya uhasibu inagoma na kusema inatumika kwenye mashine nyingine. Mashine hiyo nyingine haipo tena, na barua pepe iliyotumika kujiandikisha ni ya kijana aliyekwisha acha kazi. Mhasibu ana ritani ya VAT ya kuwasilisha kabla ya tarehe 20. Mwenye ofisi anatoa pesa tena.

Makala haya nawaandikia wenye ofisi za kompyuta tano, kumi, hata ishirini: steshenari, shule binafsi, zahanati, wakala wa forodha, ofisi za uhasibu na za wasanifu majengo. Mashirika makubwa yana idara ya TEHAMA. Ninyi mna fundi anayekuja akiitwa, na huyo hawezi kuwa mlinzi wa mali yenu. Kazi hiyo ni yenu, na haidai utaalamu mkubwa. Inadai daftari, barua pepe ya ofisi, na kawaida moja ambayo ndiyo kiini cha ushauri wangu: leseni itolewe kwenye mashine kabla mashine haijaondoka mikononi mwenu.

Tuanze na kinachotokea programu inapoamilishwa. Programu husoma vitambulisho vya mashine, yaani ubao mama, diski, kadi ya mtandao, ikavifanya alama moja, kisha huituma alama hiyo pamoja na namba ya leseni kwenye seva ya kampuni iliyoitengeneza. Seva inaandika kwamba leseni fulani iko kwenye mashine fulani. Microsoft iliueneza utaratibu huu mwaka 2001 kwa Windows XP na Office XP, na leo programu nyingi za kulipia zinaufuata kwa namna moja au nyingine. La kushika hapa ni kwamba kumbukumbu iko pande mbili, kwako na kwa kampuni. Ukifomati diski unafuta ya upande wako tu. Kule kwenye seva leseni inaendelea kuhesabiwa kuwa inatumika. Fundi anayekwambia "nimeifomati, sasa leseni iko huru" amekosea, na kosa hilo linazigharimu ofisi pesa nyingi.

Leseni zenyewe hazifanani, na kabla ya kulipa uliza ni ya aina gani. Ipo inayokuja na mashine kutoka kiwandani, inayoitwa OEM. Hii inaishi na kufa na mashine yake. Ubao mama ukiungua na ukafungiwa mwingine, kwa kawaida leseni imekwenda nao. Ipo ya rejareja, inayouzwa peke yake, na hii unaweza kuihamisha kutoka kompyuta ya zamani kwenda mpya mradi isitumike kwenye zote mbili. Ipo ya kulipia kila mwezi au kila mwaka, ambayo haishiki mashine bali mtu: akaunti ndiyo yenye haki, na kompyuta ni mahali pa kuingilia tu. Na ipo ya jumla, ya mashirika, ambayo tutaikuta tena tukifika kwenye kompyuta za mtumba.

Idadi za mashine zinazoruhusiwa nazo zinatofautiana, na hapa wauzaji wengi huongea juu juu. Microsoft 365 Personal ni ya mtu mmoja, anayeweza kuingia kwenye vifaa vitano kwa wakati mmoja. Ya Family inagawanywa kwa watu hadi sita. Zote mbili ni za nyumbani. Ofisi inatakiwa kununua zile za biashara, ambazo humruhusu kila mtumiaji kuziweka kwenye kompyuta tano pamoja na simu na tableti zake. Office 2024 inayonunuliwa mara moja ni ya kompyuta moja tu. Adobe Creative Cloud ya mtu binafsi inaamilishwa kwenye kompyuta mbili, lakini huruhusiwi kuitumia kwenye zote mbili kwa wakati mmoja. Ofisi ya wabunifu wawili wanaochangia akaunti moja itaishia kutoana kila saa. TallyPrime, ambayo wahasibu wengi wa huku wanaijua, huuzwa kama Silver kwa mtumiaji mmoja na Gold kwa watumiaji wengi walio kwenye mtandao mmoja wa ofisi. Ofisi ya wahasibu watatu ikinunua Silver tatu kwa kudhani inaokoa pesa, ipige hesabu upya dhidi ya bei ya Gold moja kabla ya kutoa senti.

Programu za kuzuia virusi huuzwa kwa idadi ya vifaa, na zina jambo moja linalowaponyoka wengi. Mara nyingi muda huanza kuhesabiwa siku kifaa cha kwanza kinapoamilishwa. Ukinunua ya vifaa vitatu kwa mwaka, ukaweka kimoja Januari na viwili Agosti, vyote vitatu vitakwisha Januari ijayo. Basi ziwekeni zote siku moja. Tena baadhi ya namba hizo zimefungwa kwa eneo: iliyonunuliwa Ulaya au Dubai kwa bei ya kuvutia inaweza kukataa kuamilishwa Afrika Mashariki. Nunueni kwa muuzaji wa hapa anayetoa risiti.

Sasa kompyuta za mtumba, ambazo ndizo tegemeo la ofisi zetu. Dell na HP zilizotoka kwenye makampuni ya Uingereza au zilizopitia Dubai ni mashine imara, na sina neno baya juu yake. Shida iko kwenye Windows iliyomo. Makampuni makubwa hutumia leseni ya jumla inayoamilishwa na seva ya ndani ya kampuni, utaratibu unaoitwa KMS. Uamilisho wa namna hii haudumu. Unatosha siku 180, na mashine hujaribu kuuhuisha kila baada ya siku 7 kwa kuwasiliana na seva ile. Ikiwa kampuni iliyouza haikusafisha diski, unanunua kompyuta ambayo leo dukani inaandika imeamilishwa, na miezi kadhaa baadaye, seva ile ikiwa Manchester na wewe ukiwa Mbagala, inaweka maandishi kwenye kona ya kioo na kukudai uamilishe. Ukijaribu, unapewa kosa namba 0xC004F074, ambalo maana yake ni kwamba mashine inaitafuta seva isiyoipata. Programu za wizi za kuamilisha Windows, zile mafundi wanazotembea nazo kwenye flashi, nyingi zinaiga utaratibu huo huo na huacha dalili hiyo hiyo.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, ukiwa bado dukani, fungua dirisha la amri, andika slmgr /xpr kisha bonyeza kitufe cha kuingiza. Kisanduku kidogo kitatokea. Kikitaja tarehe ya kwisha, unanunua uamilisho wa muda; ongea bei upya au ondoka. Kikisema umeamilishwa kwa kudumu, andika tena slmgr /dli uone aina ya leseni. Neno OEM_DM ni habari njema: ufunguo umo ndani ya ubao mama wenyewe. Linaloanza na VOLUME ni ile ya jumla, ya shirika. RETAIL ni ya rejareja, na hapo muulize muuzaji uthibitisho wa ununuzi, kwa sababu anaweza akawa ametumia namba moja kwenye mashine zote za duka.

Kuna jambo la kufurahisha ambalo wanunuzi wengi hawaambiwi. Tangu Windows 8 ilipotoka mwaka 2012, watengenezaji wakubwa wameuweka ufunguo wa Windows ndani ya ubao mama. Kompyuta ya ofisi ya HP au Dell iliyotoka kiwandani na Windows 10 Pro au 11 Pro ina leseni yake halali mpaka leo, hata kama kampuni iliyoitumia iliweka ya kwake juu. Fundi akiweka upya Windows Pro safi kutoka kwa Microsoft yenyewe, mashine ikiunganishwa na intaneti hujiamilisha bila kuulizwa namba yoyote. Nimeona mashine za namna hiyo zikiwekewa Windows ya wizi, na mwenyewe akilipishwa kazi ya "kukraki", wakati haki yake ilikuwa imelala humo humo ndani. Mwambie fundi ajaribu njia halali kwanza. Zilizotoka na Windows 7 ni habari nyingine: tangu 2023 Microsoft haipokei tena funguo hizo za zamani kuamilisha Windows 10 au 11, hivyo kibandiko kilichofifia ubavuni mwa mashine hakina thamani uliyoahidiwa. Na kwa kuwa Windows 10 iliacha kupata masasisho ya bure ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, uliza pia kama mashine inakubali Windows 11 kabla ya kuihesabia leseni kuwa faida.

Tukitoka dukani, swali linalofuata ni leseni iko kwa jina la nani. Hapa ndipo napenda tusimame kwa muda, kwa kuwa nadhani ndipo ofisi nyingi zinapopotezea mali. Fundi anakuja kuweka programu, skrini inaomba barua pepe, na kwa haraka anaweka ya kwake, au ya sekretari, au anaunda mpya ambayo nywila yake anaijua yeye peke yake. Hana nia mbaya. Lakini tangu dakika hiyo mwenye leseni machoni pa kampuni ni yeye. Mkigombana, akihama mji au akifariki, hamna pa kushika. Kampuni haitakubali maelezo ya simu. Itatuma namba ya uthibitisho kwenye barua pepe ile ile.

Fungueni barua pepe moja ya ofisi kwa ajili ya leseni peke yake. Isiwe ya mtu, wala isiwe ile inayopokea oda za wateja. Namba ya simu ya kuirejeshea iwe laini iliyosajiliwa kwa jina la kampuni, na iwekewe salio mara kwa mara, kwa kuwa laini isiyotumika muda mrefu hufungwa na namba yake inaweza kugawiwa mtu mwingine. Nywila iandikwe kwenye karatasi, ifungwe kwenye bahasha, ikae pamoja na hati za gari na cheti cha usajili wa kampuni. Watu wawili waijue bahasha ilipo. Fundi akihitaji kuingia, mwenye ofisi au mhasibu aandike nywila mwenyewe. Hakuna fundi mwaminifu atakayechukia jambo hilo.

Windows nayo ifungwe kwenye akaunti hiyo. Tangu 2016 leseni ya kidijitali ya Windows 10 na zilizofuata inaweza kuunganishwa na akaunti ya Microsoft. Leseni yako ikiwa ya rejareja na ubao mama ukabadilishwa, unaingia na akaunti hiyo, unaenda kwenye kitatuzi cha matatizo ya uamilisho, unachagua kwamba umebadilisha vifaa vya mashine hivi karibuni, na unaiteua mashine yako kwenye orodha. Bila kuunganisha mapema, njia hiyo haipo.

Daftari la leseni ni kazi ya mchana mmoja. Kila kompyuta ipewe namba, ibandikwe mbele na nyuma, K1, K2, na kuendelea. Kwenye daftari au jedwali la kompyuta andikeni namba hiyo, namba ya kiwanda ya mashine, anayeitumia, kila programu ya kulipia iliyomo, aina ya leseni, namba yake, siku ilipoamilishwa, siku inapokwisha na nafasi ngapi zimebaki. Jedwali likikaa kwenye kompyuta moja tu, siku kompyuta hiyo ikiibwa limekwenda nayo; chapisheni nakala. Jambo la risiti lina uzito wake: risiti ya EFD imechapwa kwa joto, na maandishi yake hufifia hadi karatasi ikabaki nyeupe. Itolee fotokopi au ipige picha siku ile ile. Kampuni ikidai uthibitisho wa ununuzi baada ya miaka mitatu, karatasi nyeupe haitakusaidia.

Tarehe za kwisha zitieni kwenye kalenda ya ofisi mwezi mmoja kabla. Za kulipia kwa mwaka zisiachiwe kadi ya benki ijikate yenyewe, maana siku ya kukatwa ikikuta kadi haina kitu, ofisi nzima inaamkia programu zinazosoma tu na hazihariri. Wanaofanya kazi mahali pa mtandao hafifu wajue pia kwamba Microsoft 365 hutaka kuwasiliana na seva yake angalau mara moja katika siku 30. Mtumishi anayepelekwa kijijini kwa miezi miwili aunganishe laptopu yake kwa kifurushi cha simu kabla mwezi haujatimia. Dakika chache zinatosha.

Sasa tufike kwenye ile kawaida niliyoitaja mwanzoni. Kompyuta inapotaka kuondoka, kwa kuuzwa, kugawiwa, kupelekwa kwa fundi au kufomatiwa, mtu aliye na daftari akae mbele yake kwanza. TallyPrime ina sehemu ya kurudisha leseni kwenye menyu yake. Ukiirudisha, seva inaiandika kuwa huru na unaiamilisha kwenye mashine mpya. Adobe unatoka kwenye akaunti ndani ya programu. Windows ya rejareja unaiondoa kwa amri slmgr /upk, kisha unaitumia namba yako kwingine. Programu ya kuzuia virusi unakifuta kifaa kwenye ukurasa wa akaunti. Kisha andika tarehe kwenye daftari. Baada ya hapo fundi afomati apendavyo.

Mpangilio huo ni muhimu: kutoa leseni kwanza, kufomati baadaye. Ukiugeuza, unabaki unaomba huruma ya kituo cha huduma.

Mashine ikiibwa au ikifa ghafla, leseni zilizofungwa kwenye akaunti zina nafuu kubwa. Microsoft 365 na Adobe unaziondoa kwa mbali: unaingia kwenye ukurasa wa akaunti ukitumia kompyuta yoyote, unakitafuta kifaa kile, unakitoa. Fanya hivyo siku ile ile ya wizi, pamoja na kubadilisha nywila. Leseni zinazoshika mashine ni ngumu zaidi, na nyingi njia yake ya kuokoka inapita kwenye barua pepe iliyosajiliwa. Ndiyo sababu nimeisisitiza barua pepe ya ofisi kuliko jambo lolote.

Mafundi wanaohudumia shule na vituo vya mafunzo wana mazoea ya kuandaa kompyuta moja vizuri kisha kunakili diski yake kwenye nyingine zote. Inaokoa siku nzima ya kazi na si vibaya. Ila wasiamilishe chochote kwenye ile ya kwanza. Wakinakili diski iliyokwisha amilishwa, kila kompyuta iliyonakiliwa inaamka na kuona vitambulisho vigeni. Programu nyingine zitagoma, nyingine zitakula nafasi za leseni kimya kimya mpaka zimalizike. Leseni ya jumla aina ya MAK ina idadi maalumu ya uamilisho, na kufomati mashine hakurudishi nafasi iliyotumika. Watayarishe diski na chombo cha Sysprep kinachokuja na Windows, wanakili, kisha waamilishe moja moja wakiwa na daftari mkononi.

Wakati mwingine tatizo si leseni kabisa. Kompyuta ya mezani ya zamani inakataa kuamilisha, fundi anabadilisha namba mara tatu, na chanzo ni betri ndogo ya duara kwenye ubao mama, ile ya CR2032. Ikifa, umeme ukikatika saa ya mashine inarudi miaka nyuma, na seva haziongei na mashine ambayo tarehe yake haieleweki. Angalia tarehe chini kulia mwa kioo kabla ya jambo lolote. Betri hiyo ni bei ndogo sana.

Na kosa 0xC004C008 likitokea, lenyewe linasema namba imekwisha tumika kwenye mashine nyingi kuliko inavyoruhusiwa. Hilo ndilo huwapata wanaonunua namba za bei ya kutupa mtandaoni. Nyingi ya namba hizo ni za mashirika au vyuo, zimevuja na kuuzwa kwa watu wengi. Zinafanya kazi leo, kesho zinafungiwa, na muuzaji hapatikani.

Kuhusu programu za wizi nasema wazi: ziondoeni. Tanzania programu za kompyuta zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na Kenya na sheria yake ya mwaka 2001. Lakini hata asiyeogopa sheria aiogope hasara. Mwaka 2021 wachunguzi wa usalama wa kampuni ya Red Canary walieleza jinsi kisakinishi cha KMSPico, chombo maarufu cha kuamilisha Windows kwa wizi, kilivyokuwa kikisambazwa pamoja na CryptBot, kirusi kinachoiba nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari. Kompyuta hiyo hiyo ndiyo mnayoingilia benki na mfumo wa kodi. Vyombo hivi pia humtaka mtumiaji azime kwanza kinga ya virusi, na ombi hilo peke yake lingetosha kumshtua mtu.

Kama bajeti haitoshi, si lazima kila kompyuta ibebe programu ya kulipia. LibreOffice ni ya bure, haina namba wala uamilisho, na unaiweka kwenye mashine ishirini bila kumwomba mtu. Wazo la programu huria si geni kwetu: mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, yenye menyu za Kiswahili, mwaka 2004. Mapokezi, stoo na maktaba ya shule zinaweza kufanya kazi zake zote humo. Mnunulie Office ya Microsoft mhasibu na yule anayebadilishana mafaili magumu na wateja, na wengine muwape LibreOffice. Leseni tatu mnazozimudu na kuzihuisha ni bora kuliko kumi mlizozikraki.

Ijumaa hii, fungueni barua pepe ya ofisi na muanze daftari kwa kompyuta ya mhasibu, kwa sababu ndiyo ikigoma kazi zote zinasimama. Nyingine zifuate wiki inayokuja. Na fundi akija kuchukua mashine, asiitoe mlangoni mpaka mwenye daftari ametia sahihi kwamba leseni zimekwisha tolewa.